F ya BAM na neno "au": kisa cha mwanafunzi aliyebadili kozi wiki ya nne

Kisa hiki kilitokea Moshi, katika chuo kikuu ambacho hatukitaji. Jina la mwanafunzi si lake, na baadhi ya alama, tarehe na kiasi cha fedha vimesogezwa kidogo ili asitambulike. Mfuatano wa mambo haujaguswa, kwa sababu mafunzo yote yamo ndani yake.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Kwenye barua za chuo utakuta "programu", lakini wanafunzi husema "kozi", na tutasema hivyo hivyo. Yale yanayofundishwa ndani ya kozi, muhula kwa muhula, tutayaita masomo.

Mwanafunzi na matokeo yake

Tumwite Neema. Amekulia Arusha, mama yake anauza mbogamboga sokoni, baba hayupo. Ada ya sekondari ililipwa kwa msaada wa mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kwa hiyo neno la mjomba lina uzito nyumbani. Alisoma kombi ya HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi. Kidato cha sita alipata C ya Historia, C ya Jiografia, D ya Uchumi, na F ya BAM, ile Hisabati ya ziada wanayosoma wenye kombi zisizo na Hisabati kamili. Kidato cha nne alikuwa na D ya Hisabati na C ya Kiingereza.

Hapa kuna mtego wa kwanza, na haumhusu Neema peke yake. Kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, daraja hupangwa kwa pointi ambazo zikiwa chache ndiyo nzuri: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Kwa hiyo Neema ana 3+3+4, pointi 10, daraja la pili. Kwenye udahili wa vyuo vikuu hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huko Neema ana 3+3+2, pointi 8. Kigezo cha chini cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa waliomaliza kidato cha sita miaka ya karibuni ni prinsipo mbili, yaani masomo makuu mawili aliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla isiyopungua pointi 4 katika masomo mawili yanayohusika na kozi. Zingatia hayo maneno ya mwisho. Kozi isiyohesabu Historia haitazipokea zile pointi zake 3, hata kama ndizo zinazompa daraja zuri. Kwa Uhasibu kwenye chuo hiki, masomo yaliyombeba yalikuwa Jiografia na Uchumi: 3+2, pointi 5. Zinatosha.

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, hapitii tena mfumo mmoja wa pamoja. Neema aliomba vyuo viwili, kimoja Arusha na kimoja Moshi. Kote kuwili aliweka Maendeleo ya Jamii chaguo la kwanza, na Uhasibu na Fedha akaiweka ya tatu. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alijibu kwamba Uhasibu ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo, ila F ya BAM ilimfanya ajione hana sifa. Alivyosikia shuleni ni kwamba mwenye F ya BAM asahau kozi zenye hesabu.

Kwa hiyo kisa hiki hakihusu mtu aliyebadili mawazo. Aliyebadili mawazo unaweza kumwambia avumilie mwezi mmoja aone. Huyu aliomba kozi asiyoitaka kwa sababu ya sharti alilosimuliwa na hakulisoma.

Yaliyotokea, wiki kwa wiki

Vyuo vyote viwili vilimchagua, kwa hiyo alipaswa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri iliyokuja kwenye simu. Akathibitisha Moshi, kwa sababu kuna shangazi anayeishi Rau wa kumfikia siku za mwanzo. Wiki ya kwanza alijisajili, akalipa awamu ya kwanza ya ada, akapewa namba ya usajili. Mkopo wake kutoka Bodi ya Mikopo, HESLB, ulikuwa umeshapangwa. Kwenye akaunti yake ya mkopo mtandaoni, iitwayo SIPA, alikuta kozi iliyoandikwa ni Maendeleo ya Jamii.

Wiki ya pili alihamia chumba cha kupanga Majengo pamoja na binti mwingine wa mwaka wa kwanza. Jioni moja matokeo ya kidato cha sita yakazungumzwa, na yule mwenzake akasema na yeye ana F ya BAM. Anasoma nini? Uhasibu na Fedha, chuo hicho hicho.

Neema alipiga simu nyumbani usiku ule. Mjomba alikuwa na jibu tayari: "Mpwa wangu, acha hicho chuo, rudi nyumbani, mwakani uombe upya vizuri." Mama alisema kidogo tu: "Mwanangu, kabla hujafungasha, nenda ukaulize." Kesho yake akaenda kwa mkuu wa idara ya Uhasibu, akamwamkia, akaeleza. Mkuu wa idara alimsikiliza, akatazama matokeo kwenye simu, akamwambia, "Sifa unazo. Njoo tu darasani, fomu zitakuja."

Neema akaacha vipindi vya Maendeleo ya Jamii kuanzia siku hiyo.

Wiki ya tatu, Jumatatu, tangazo la dirisha la uhamisho likabandikwa ubaoni na kwenye tovuti ya chuo: siku kumi za kazi. Neema hakuliona. Kwenye kundi la WhatsApp la Uhasibu kulizunguka ujumbe kwamba uhamisho wa mwaka huu umeshafungwa. Ujumbe ulikuwa wa mwaka uliopita, umetumwa upya bila tarehe. Alikaa siku nne akiamini amechelewa, hadi Ijumaa mwenzake wa chumba alipopita ubaoni akapiga picha tangazo lenyewe.

Jumatatu ya wiki ya nne, siku ya sita ya dirisha, alichukua fomu. Ilitaka sahihi mbili: ya idara anayotoka, kwamba inamruhusu, na ya idara anayokwenda, kwamba inampokea na nafasi ipo. Iambatane na barua ya maombi, nakala ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita, barua ya udahili, stakabadhi ya ada na nakala ya kitambulisho. Mkuu wa idara ya Uhasibu alisaini siku hiyo hiyo. Wa Maendeleo ya Jamii alikuwa kijijini na wanafunzi wa mwaka wa tatu, kurudi Alhamisi. Neema akaamua kumsubiri. Jumatano, alipokwenda ofisi ya udahili kuuliza jambo jingine, ndipo alipoambiwa kwamba kaimu mkuu wa idara yupo na sahihi yake inatosha.

Akapeleka fomu Jumatano mchana. Alhamisi asubuhi ikarudishwa ikiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "BAM F. Hana sifa."

Dakika kumi kwenye dirisha la udahili

Tulitazame tukio hili kwa karibu, kwani ndilo lililoamua kisa.

TCU hutoa kila mwaka Mwongozo wa Udahili, mmoja kwa waliomaliza kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Ndani yake kila kozi ya kila chuo ina safu yake: jina na msimbo wa kozi, sifa za kuingia, pointi za chini za chuo, idadi ya nafasi, na miaka ya masomo. Sifa za kuingia za kozi nyingi za uhasibu na biashara zina sharti la hesabu lililoandikwa kwa sentensi ndefu. Kwa kozi hii, ukilisema kwa Kiswahili, lilikuwa hivi: kama mojawapo ya prinsipo si Hisabati ya juu, mwombaji awe amefaulu BAM kidato cha sita, au awe na angalau D ya Hisabati ya kidato cha nne.

Aliyekagua fomu alisoma hadi kwenye mkato. Ni kosa la mchana wenye fomu nyingi, halishangazi. Kilichomwokoa Neema ni kwamba usiku uliotangulia alikuwa amepakua mwongozo, akatoa kopi ya ukurasa ule mmoja steshenari, akapigia mstari sharti lote. Alirudi dirishani, akaamkia, "Shikamoo mama," akaweka ukurasa juu ya fomu na cheti cha kidato cha nne pembeni. Hakulalamika. Aliuliza, "Naomba unisaidie kuelewa hapa baada ya neno 'au'." Afisa akasoma, akasogeza kidole, akasoma tena. Akachukua cheti, akatazama mstari wa Hisabati. "D," akasema. "Umesema kweli, binti." Akakata maandishi mekundu, akaweka sahihi fupi pembeni, akagonga muhuri wa kupokelewa.

Angekwenda na maneno ya mdomo kwamba "mwenzangu naye ana F na amechaguliwa", angepata nini? Pengine mwenzake ana A ya Hisabati ya kidato cha nne. Pengine kozi ya mwenzake ni nyingine yenye jina linalofanana. Sifa ya mtu mwingine haithibitishi yako. Kinachothibitisha ni ukurasa wa mwongozo wa mwaka ule ule uliodahiliwa, kwani masharti hubadilika toleo kwa toleo, pamoja na cheti chako kikiwa wazi kwenye mstari unaohusika.

Barua

Rasimu ya kwanza ya barua ya Neema ilikuwa kurasa mbili: ndoto ya utotoni, maisha ya mama, jinsi Mungu alivyomwonyesha njia. Mhadhiri mmoja aliisoma na kumwambia aifupishe iwe nusu ukurasa. Toleo lililopelekwa lilikuwa na mambo manne tu. Jina, namba ya usajili, namba ya mtihani ya kidato cha nne, kozi anayotoka na anayokwenda pamoja na misimbo yake. Kisha sifa: masomo mawili na pointi zake, na D ya Hisabati inayokidhi sharti. Kisha sababu kwa sentensi moja, kwamba Uhasibu ilikuwa kwenye chaguo zake tangu maombi ya awali na anakusudia kuendelea na mitihani ya bodi ya wahasibu. Mwisho orodha ya viambatisho.

Ile sababu ya mitihani ya bodi ilikuwa na nguvu kuliko kurasa mbili za mwanzo. Mhitimu wa shahada ya uhasibu hupewa na bodi hiyo, NBAA, msamaha wa baadhi ya masomo ya mitihani yake. Mtu akitaka kuwa mhasibu aliyesajiliwa, shahada aliyoanza nayo inabadilisha idadi ya mitihani iliyo mbele yake. Hiyo ni sababu ambayo kamati inaweza kuipima. Ndoto haipimiki.

Uamuzi wa kurudi darasa la zamani

Fomu ikapokelewa wiki ya nne. Kamati ya chuo ikapitisha majina wiki ya tano, yakapelekwa TCU kuhakikiwa. Wakati huo wote kisheria Neema alikuwa bado mwanafunzi wa Maendeleo ya Jamii. Hakuwa kwenye orodha yoyote ya Uhasibu.

Hili lilimgonga kwenye jaribio la kwanza, wiki ya tano. Alifanya jaribio la Misingi ya Uhasibu, lakini jina lake halikuwa kwenye karatasi ya mahudhurio, kwa hiyo mhadhiri akaandika alama kwenye karatasi ya pembeni. Wiki hiyo hiyo darasa la Maendeleo ya Jamii lilifanya jaribio la Stadi za Mawasiliano, somo ambalo na Uhasibu wanalisoma vile vile, na Neema hakuwepo. Chuo hiki, kama vingi, huhesabu kazi za muhula kuwa alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio anaweza kuzuiwa mtihani. Kwa karibu wiki tatu alikuwa haonekani kokote.

Mshauri wa wanafunzi ndiye aliyemkalisha chini na ratiba mbili. Wakaziweka sambamba. Muhula wa kwanza Uhasibu ilikuwa na masomo sita na Maendeleo ya Jamii matano, na matatu kati ya hayo yalikuwa yale yale: Stadi za Mawasiliano, Stadi za Maendeleo, na Misingi ya Kompyuta. Uamuzi ukawa huu:

Masomo matatu ya pamoja, ahudhurie na darasa la zamani, asaini mahudhurio ya zamani, afanye majaribio yote. Uhamisho ukipita, alama zitahamishwa kwa sababu msimbo wa somo ni ule ule. Usipopita, hajapoteza kitu.

Misingi ya Uhasibu na Hisabati za Biashara, ahudhurie kama msikilizaji, na amwombe kila mhadhiri kwa maandishi ahifadhi alama zake za majaribio hadi usajili mpya utoke.

Utangulizi wa Sosholojia na Misingi ya Maendeleo ya Jamii, ahudhurie kiasi cha kutoshuka chini ya asilimia 75, kwa sababu hadi siku ile uhamisho ulikuwa bado ungeweza kukataliwa.

Somo lake la sita la Uhasibu, Uchumi, liligongana na Sosholojia mara mbili kwa wiki. Aliliacha, akategemea madaftari ya mwenzake wa chumba na D yake ya kidato cha sita. Kuna aliyeona amekosea hapo. Kwa maoni yetu alichagua sawa: Uchumi ndilo somo pekee kati ya matatu mapya ambalo alikuwa na msingi wake.

Jibu la TCU lilirudi wiki ya saba, amekubaliwa. Namba mpya ya usajili ikatoka, ya zamani ikafungwa. Siku hiyo hiyo alisajili masomo upya kwenye mfumo wa chuo na kupeleka kwa wahadhiri watatu nakala ya barua ya uhamisho. Alama za masomo ya pamoja zilihamishwa ndani ya wiki moja, isipokuwa jaribio la Stadi za Mawasiliano alilokosa. Hilo lilibaki sifuri.

Mkopo haufuati wenyewe

Neema alidhani kozi ikibadilika chuoni, Bodi ya Mikopo itajua. Haikuwa hivyo.

Mkopo wa HESLB una vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, na vingine kulingana na kozi. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000. Awamu ya kwanza aliipata wiki ya pili, kwa namba ya zamani. Awamu ya pili ilipofika, wiki ya kumi, alikwenda kusaini na jina lake halikuwepo. Namba ya zamani ilikuwa imefungwa na mpya haikuwa imepelekwa.

Afisa mikopo wa chuo alihitaji vitu vinne: barua ya kukubaliwa kwa uhamisho, namba ya usajili ya zamani, namba mpya, na namba ya mtihani ya kidato cha nne, ambayo ndiyo inayomtambulisha mwombaji kwenye mfumo wa Bodi. Vyote Neema alikuwa navyo tangu wiki ya saba, kwenye bahasha, chumbani. Alivipeleka wiki ya kumi. Orodha ya marekebisho kutoka chuoni huenda kwa mafungu, si mtu mmoja mmoja, na fungu la wiki ile lilikuwa limeshaondoka. Fedha iliingia wiki ya kumi na tano.

Siku 35. Kwa kiwango cha 10,000, ni shilingi 350,000 za chakula ambazo hakuwa nazo mkononi, na wiki hizo ndizo za majaribio ya pili na maandalizi ya mtihani. Shangazi wa Rau alimpa unga na ndizi. Kodi ya chumba mwenzake alimlipia, akarudishiwa baadaye.

Ada nayo ilitofautiana. Kozi ya zamani ilikuwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka, mpya 1,200,000. Mkopo wa ada ulikuwa umepangwa kwa kiwango cha kozi ya zamani, na mwaka ule nyongeza ya 200,000 ilimwangukia mama. Aliilipa kwa awamu tatu. Ilibidi kwanza kuomba namba mpya ya malipo, kwa sababu ile ya mwanzo ilikuwa imefungwa pamoja na namba ya usajili. Malipo ya kwanza ya mama, shilingi 70,000, yaligoma benki mara mbili kabla mtu hajagundua hilo.

Matokeo ya muhula

Masomo matano alifaulu. La Misingi ya Uhasibu alirudia kwa mtihani wa marudio, akafaulu, na kama ilivyo kawaida ya mtihani wa marudio alama haikuzidi C.

Kushindwa kwake kulikuwa na chanzo kinachoonekana. Wiki mbili za mwanzo za Misingi ya Uhasibu, kabla hajaanza kuhudhuria, ndizo zilizofundisha kanuni ya ingizo mara mbili: kila muamala huandikwa debiti mahali pamoja na krediti mahali pengine, kwa kiasi kile kile. Kwenye karatasi yake ya mtihani kulikuwa na manunuzi ya mkopo ya shilingi 240,000. Aliandika debiti kwenye akaunti ya manunuzi, sawa. Kisha akamwandika mdai naye upande wa debiti. Urari wake, yaani ulinganisho wa jumla ya debiti na jumla ya krediti, ukapishana kwa 480,000, akatumia dakika arobaini kutafuta muamala wa shilingi 480,000 ambao haukuwepo. Aliyekaa wiki ya pili darasani angejua la kufanya: tofauti ikigawanyika kwa mbili, igawe, kisha tafuta kiasi hicho kikiwa kimekaa upande usio wake.

Uchumi, lile alilolisomea kwenye madaftari ya watu, alipata B.

Kilichofaa na kilichoharibu

Kuuliza kabla ya kuondoka kulimwokoa zaidi ya kitu kingine. Njia ya mjomba ilionekana fupi, lakini ina gharama ambazo mjomba hakuzijua. Aliyejisajili na akaondoka bila kujiondoa rasmi anabaki kwenye kumbukumbu kama mwanafunzi, na maombi ya mwakani yanaweza kukwama hapo. Bumu alilokwisha kupokea linabaki deni hata kama hakusoma. Tena angepoteza mwaka mzima kwa tatizo lililotatuliwa na neno moja lenye herufi mbili. Mjomba hatumlaumu, alikuwa anatoa ushauri kuhusu mfumo wa enzi zake.

Ukurasa wa mwongozo uliopigiwa mstari ulifaa, na namna alivyouliza ilifaa. Afisa aliyekosea kusoma akipewa nafasi ya kusoma tena bila kuaibishwa mbele ya foleni, hurekebisha. Akishambuliwa, hujitetea, na fomu inakwenda kwa mkubwa wake ambaye yupo Jumatatu. Dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Ratiba mbili sambamba zilifaa pia, ila zilikuja wiki tatu baadaye kuliko ilivyopaswa.

Kilichoharibu ni kulichukua "njoo tu darasani" kama ruhusa. Mkuu wa idara hakudanganya. Alisema anachokiweza, kwamba yeye hana kipingamizi. Hana mamlaka ya kumwondoa mtu kwenye orodha ya idara nyingine. Neno la mdomo la idara inayopokea ni nusu ya sahihi mbili, na sahihi mbili zenyewe ni hatua ya kwanza kati ya nne: idara, kamati ya chuo, TCU, kisha usajili mpya. Sifuri ya jaribio la Stadi za Mawasiliano ilitoka hapo moja kwa moja.

Siku nne za ujumbe wa WhatsApp na siku mbili za kumsubiri mkuu wa idara ni siku sita kati ya kumi. Kama fomu ingekataliwa Ijumaa badala ya Alhamisi, pasingekuwa na siku ya kurudi na ukurasa. Tangazo la dirisha lisomwe ubaoni au kwenye tovuti yenyewe, na kila ofisi ina kaimu hata kama mlango umefungwa. Ulizia dirisha la jirani.

Kuna jambo Neema alikuwa na bahati nalo bila kulijua. Sifa hazitoshi kama kozi imejaa. Idadi ya nafasi imeandikwa kwenye mwongozo, na chuo hakiruhusiwi kuizidi kwa sababu ya huruma. Mwaka ule Uhasibu ilikuwa na nafasi. Kwa kozi zinazogombewa, za afya hasa, mwanafunzi anaweza kuwa na kila kitu kwenye bahasha na jibu likawa hapana. Ndiyo maana swali la kwanza kwa idara inayopokea liwe "nafasi zipo?", ndipo lifuate la sifa. Anayetaka kuhamia chuo kingine kabisa, tuseme kutoka Moshi kwenda Arusha, anahitaji kukubaliwa na pande zote mbili, na ada aliyokwisha kulipa hailazimiki kumfuata.

Muda nao una ukomo wake. Haya yote yanahusu mwaka wa kwanza, dirisha likiwa wazi. Aliyemaliza mwaka wa kwanza na ndipo ataka kubadili, anaingia kwenye utaratibu mwingine wa kulinganisha masomo aliyokwisha kufaulu, na mara nyingi huanza mwaka wa kwanza upya.

Kwa mkopo, kama Neema angepitia kwa afisa mikopo wiki ya saba, siku ile ile aliyopeleka barua kwa wahadhiri watatu, jina lake lingekuwa kwenye fungu la mapema. Ofisi ile iko ghorofa moja chini ya ile aliyochukulia namba mpya.

Muhula wa pili ulipoanza, SIPA yake ilikuwa inaonyesha Uhasibu na Fedha, na mkopo wa ada umerekebishwa. Barua ya uhamisho bado anaihifadhi kwenye bahasha ile ile, pamoja na ukurasa wa mwongozo. Mwenzake wa chumba aliukopa wiki moja akaenda kuutolea kopi. Ana mdogo wake kidato cha sita mwenye kombi ya HGE.